Hesabu za Darasa la Pili B

Kijana wa utafiti amekuja na kishikwambi,
kola imenyooka, viatu vimekula vumbi la Pasua.
Ananiuliza, kwa kipimo cha moja hadi tano,
tano ikiwa ni kuamini kabisa,
Bunge naliamini kiasi gani.
Tume je. Mahakama je. Jeshi je.

Nimemwambia akae, kigoda hiki hapa.
Mimi ni mwalimu, nimemwambia,
moja hadi tano nimeifundisha miaka ishirini na sita
kwa vifuniko vya soda,
na sijawahi kumpa mtoto alama
kabla sijaliona daftari lake.

Basi andika.

Siku ile darasa langu lilikuwa kituo.
Ubaoni lilibaki jedwali la tatu, hatukulifuta,
tatu mara tatu ikalikodolea sanduku la kura mchana kutwa.
Upepo ukaleta masizi ya miwa inayochomwa kule bondeni,
yakatua juu ya karatasi kama nukta
mahali ambapo sentensi haijaisha.

Miaka yote mlangoni tuliwekewa mgambo
mwenye kirungu na usingizi wake.
Safari hii, mwanajeshi. Hakuna aliyetuambia kwa nini.
Nilimtambua kwa sikio la kushoto, lile lililokatika ncha:
Ndelilio, wa mama Aikaruwa muuza mtori,
dawati la tatu, karibu na dirisha,
aliyekuwa akihesabu kwa midomo, bila sauti.
"Shikamoo, mwalimu," alinong'ona.
Sikujua niitikie marahaba
au nimwoneshe kitambulisho.

Umeme ulikatika saa moja kasoro.
Tukahesabu kwa chemli, mawakala wanne,
mmoja kavaa ndala za bafuni.
Kila karatasi niliiinua, nikaitaja kwa sauti,
kama ninavyoita mahudhurio asubuhi,
na kule mlangoni, gizani nusu, nikaiona
midomo ya Ndelilio ikitembea.
Mia mbili kumi na saba.
Themanini na nne.
Wakasaini. Gundi ilikuwa imeisha,
nakala nikaibandika mlangoni kwa uji wa mpishi wa shule.

Saa tisa usiku lilikuja lori.
Asubuhi mlangoni palibaki mraba wa uji mkavu
na sisimizi wakiukagua.

Ukumbini kwenye majumuisho, kituo chetu kilisomwa
kwa namba nyingine, ya duara, imeshiba sifuri.
Nikanyoosha mkono,
mimi ninayenyooshewa mikono sitini kwa siku.
Hakuna aliyeniita.
Mahakama iliuliza nakala iko wapi.
Nikasema, ilikuwa mlangoni.
Ikauliza mlango uko wapi.
Bunge limeshaapa, makofi yake nayasikia
kwenye redio ya kinyozi hapo jirani, hata wembe hausimami.

Hujamaliza kuandika? Ngoja.

Wiki ya tatu, usiku, getini alisimama mtu
wa shati la mistari, bila kofia, bila kitu mkononi.
Nilimkaribisha, hakuingia.
"Mwalimu," alisema, "mia mbili kumi na saba."
Akavuta pumzi kama mtoto
aliyemaliza jedwali mbele ya darasa.
"Na themanini na nne."
Nikasema, "Vizuri, kaa chini," kwa mazoea tu,
naye hapakuwa na pa kukaa.

Jumatatu akarudi kambini.
Mama yake anasema wamemhamisha,
wapi, hakuambiwa. Mtori anauza kama kawaida,
ila siku hizi anasahau chumvi.

Sasa, kijana, hilo jeshi unalouliza
ni lile lori
au ni ile midomo?
Maana lori nitalipa alama yake sasa hivi.
Midomo, niandikie mia mbili kumi na saba.

Anabonyeza. Anabonyeza tena.
Anasema mashine haipokei zaidi ya tano.

Nimemsogezea kopo la vifuniko.